Biti nane za juu ni za nani? Kuongeza aina ya biti 24 kwenye kompaila ya C

Swali: "Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ya mwaka wa mwisho chuoni ni kompaila ndogo ya C inayotoa msimbo wa ATmega328P, prosesa ndogo ya biti 8 ya familia ya AVR. Nataka niitumie kwenye mizani yenye chipu ya HX711, ambayo kila kipimo chake ni biti 24. RAM ni baiti 2048 tu, kwa hiyo sitaki kila kipimo kile baiti 4. Nimeongeza aina niliyoiita int24. Sehemu ya kusoma msimbo inaikubali. Kwenye bakendi, yaani sehemu inayotoa maelekezo ya prosesa, naichukulia kama namba ya biti 32: nikiandika kwenye kumbukumbu naandika baiti 3 za chini, nikisoma nasoma hizo 3 na ya nne naijaza sifuri. Kujumlisha na kutoa kunaenda sawa. Lakini nikilinganisha namba hasi au nikigawanya, mambo yanaharibika: -6 / 2 inanipa 8388605. Nimekosea wapi? Na sizeof, inayotaja ukubwa wa aina kwa baiti, irudishe 3 au 4?"

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kufika hapo. Hiyo 8388605 imebeba jibu lote ndani yake, basi tuifungue kwanza.

Kwa biti 24, -6 huandikwa 0xFFFFFA. Unapoisoma kutoka kwenye kumbukumbu na kujaza sifuri kwenye baiti ya nne, rejista zako nne zinashika 0x00FFFFFA, yaani 16777210. Gawanya kwa 2 upate 8388605. Msimbo wako wa kugawanya hauna kosa lolote. Umegawanya namba uliyoupa. Kosa lilitokea mapema, pale ulipoijaza baiti ya nne bila kujiuliza ni ya nani.

Kwa nini basi kujumlisha kulikuwa sawa? Chukua -6 + 10. Kwenye rejista zako ni 0x00FFFFFA + 0x0000000A, jumla 0x01000004. Ukiandika baiti 3 za chini inabaki 4, jibu sahihi kabisa, ingawa baiti ya nne ilikuwa imeshachafuka. Tulipofundishwa kujumlisha kwa kubeba shule ya msingi, tulibeba kutoka kulia kwenda kushoto, kamwe si kinyume chake. Uchafu ulioko kushoto hauna njia ya kurudi kulia.

Sasa pitia operesheni zote za C ukiwa na jambo hilo kichwani. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kusogeza biti kushoto, pamoja na AND, OR, XOR na NOT: katika hizi zote biti 24 za chini za jibu zinategemea biti 24 za chini za namba zilizoingia, basi. Kugawanya, kutafuta baki, kulinganisha, kusogeza kulia, kupanua kwenda long na kugeuza kuwa float: hizi zinatazama juu. Kusogeza kulia kunazishusha kabisa biti za juu zije chini. Ndiyo maana makosa yako yalijitokeza kwenye kundi la pili peke yake, na ndiyo maana kosa la aina hii huweza kukaa miezi kwenye kompaila bila mtu kuliona: programu nyingi hujumlisha kuliko zinavyogawanya namba hasi.

Kama thamani ya biti 24 inakaa kwenye chombo cha biti 32, kuna biti nane za ziada, na kompaila nzima, kuanzia sehemu inayosoma kumbukumbu hadi maktaba ya kugawanya, lazima iwe na makubaliano mamoja kuhusu kilichomo humo. Makubaliano yanayofaa ni mawili.

La kwanza: biti za juu ni safi wakati wote. Kwa aina yenye alama (inayobeba namba hasi pia) zinakuwa nakala za biti ya 23, ambayo ndiyo biti ya alama, kwa aina isiyo na alama zinakuwa sifuri. Operesheni yoyote inayoweza kuzichafua inalazimika kuzisafisha kabla ya kumaliza. Hapa wengi huisahau NOT. Kwa namba isiyo na alama, ~x hugeuza zile sifuri nane kuwa moja nane, na tayari umevunja makubaliano; kwa namba yenye alama NOT haiharibu kitu, kwa sababu nakala za alama zote zinageuka pamoja.

La pili: biti za juu ni takataka mpaka atokee anayezihitaji. Kujumlisha hakusafishi chochote. Anayegawanya, anayelinganisha au anayepanua ndiye anayesafisha, dakika ile ile kabla ya kutumia. Mara nyingi njia hii hutoa msimbo mfupi zaidi, maana hesabu ndefu ya kujumlisha na kuzidisha inasafishwa mara moja mwishoni. LLVM, mfumo maarufu wa kujengea kompaila, inafuata hii: inapoikuza aina ndogo iingie kwenye rejista kubwa, huzihesabu biti za juu kuwa hazijulikani, na huweka maelekezo ya kutandaza alama (kunakili biti ya alama kwenye biti za juu) au kujaza sifuri pale tu panapohitajika. Utaratibu wa kuita fankisheni kwenye x86-64 umechagua vivyo hivyo kwa aina za _BitInt (namba za upana unaoutaja mwenyewe) za C23, toleo la kiwango cha lugha ya C: biti zinazozidi upana wa thamani hazina uhakika, na anayepokea ndiye anayesafisha.

Wewe ulishika nusu ya kila makubaliano. Ulisoma kutoka kwenye kumbukumbu kana kwamba namba haina alama, ukagawanya kana kwamba inayo. Na usidhani kwamba kutandaza alama wakati wa kusoma kutamaliza tatizo. Jaribu hili leo kwa aina isiyo na alama: weka x iwe 0xFFFFFF, jumlisha 1, kisha linganisha na 0 papo hapo kabla jibu halijaandikwa kwenye kumbukumbu. Rejista zako zitakuwa na 0x01000000, na kompaila itasema si sifuri. Jibu sahihi ni sifuri. Kibaya zaidi, ukizima uboreshaji na kila kitu kikapita kwenye steki, programu ile ile itasema ndiyo. Programu ikibadilisha jibu kulingana na kiwango cha uboreshaji, na mwandishi wake hajafanya jambo lisilo na maana kwenye C, anza kushuku biti za juu.

Kwa hiyo tiba ya haraka ni kuchagua makubaliano ya pili na kusafisha kabla ya kila operesheni ya lile kundi linalotazama juu. Kwenye AVR kutandaza alama kutoka baiti ya tatu kwenda ya nne ni maelekezo matatu:

mov r25, r24
lsl r25
sbc r25, r25

Unanakili baiti ya tatu, unaisukuma biti ya alama iingie kwenye bendera ya kubeba, kisha unaitoa rejista ndani ya yenyewe pamoja na ile bendera. Kinachobaki ni 0x00 au 0xFF.

Lakini nisingependa uishie hapo. Hiyo tiba ni ya mtu aliyelazimika kuwa na chombo cha biti 32, na wewe hujalazimika. Prosesa yako ina rejista 32 za biti 8 kila moja. Namba ya biti 24 inaenea sawasawa kwenye rejista tatu, hakuna biti inayobaki, kwa hiyo hakuna cha kusafisha na hakuna makubaliano ya kuvunja. Unajumlisha kwa add, adc, adc badala ya maelekezo manne. Kubeba kunakotoka kwenye baiti ya tatu kunaanguka nje, na ndivyo hesabu za biti 24 zinavyotakiwa kuwa. Ule mfano wa 0xFFFFFF + 1 unajitatua wenyewe.

Hivi ndivyo GCC, kompaila huria ya mradi wa GNU, ilivyofanya. Toleo la 4.7, lililotoka 2012, liliingiza __int24 na __uint24 kwa AVR. Toleo hilo hilo lilileta eneo la anwani la __memx, ambalo kielekezi chake (pointa, yaani namba inayoshika anwani) ni cha biti 24: biti ya juu kabisa ikiwa imewaka, data inasomwa kutoka RAM, ikiwa imezimika, inasomwa kutoka kwenye flashi. Kielekezi cha namna hiyo kinadai hesabu za biti 24 zilizo kamili, na zikishakuwepo, kumpa mwandishi wa C aina ya namba ni hatua fupi. Ukifungua faili la avr-modes.def ndani ya GCC utakuta mstari mmoja tu unaohusu aina hii:

FRACTIONAL_INT_MODE (PSI, 24, 3);

Unasema: kuna namna ya kushika namba inayoitwa PSI, upana wake biti 24, ukubwa wake baiti 3. Mstari huo ni mwepisi, kazi iko kwenye yanayoufuata. Katika avr.md, faili linaloieleza GCC maelekezo ya AVR, kila operesheni imeandikiwa kiolezo chake cha PSI: kuhamisha, kujumlisha, kutoa, kugeuza alama, kusogeza pande zote mbili, kulinganisha, kupanua kutoka biti 8 na 16 kuja 24, na kutoka 24 kwenda 32. Kuzidisha na kugawanya ambako ni kurefu kumepelekwa kwenye maktaba, kwa majina kama __mulpsi3 na __divmodpsi4. Ukisahau kimoja, kompaila itasimama siku mtu atakapokihitaji. Ushauri wangu: kabla ya kuandika chochote, chora jedwali. Mistari iwe operesheni za bakendi yako, safu ziwe aina zako, na usiache kisanduku kitupu. Kisanduku cha kubadili aina ndicho kinachosahaulika zaidi, maana aina moja mpya inaleta njia za kwenda na kurudi kwa kila aina iliyokuwepo.

Kuhusu kulinganisha kwa rejista tatu, angalia jambo moja la AVR. Unatumia cp, cpc, cpc, na ukitaka kujua kama namba mbili ni sawa unatazama bendera ya Z (inayowaka jibu likiwa sifuri) mwishoni. Inafanya kazi kwa sababu cpc haiwashi Z hata jibu lake likiwa sifuri: inaiacha ilivyokuwa, au inaizima. Ungekuwa kwenye prosesa ambayo maelekezo yake huandika Z upya kila mara, ungeishia kulinganisha baiti ya tatu pekee. Siku ukiihamishia kompaila hii kwenye prosesa nyingine, kagua hapo kwanza.

Kuhusu kuita fankisheni, fuata utaratibu wa avr-gcc ulivyo, ili msimbo wako uweze kuungana na maktaba zilizopo. Hoja, yaani thamani zinazopewa fankisheni, hupangwa kuanzia r25 kushuka, na yenye idadi ya baiti isiyogawanyika kwa 2 inahesabiwa kana kwamba ina baiti moja zaidi. Kwa hiyo hoja ya kwanza ya biti 24 inakaa r22, r23 na r24, na r25 inaachwa bure. Jibu linarudi kwenye r22 hadi r24. Utaona nafasi ya rejista moja inapotea, na ni kweli, lakini kuanzia kwenye rejista shufwa kunaruhusu movw ihamishe mbili kwa pigo moja. Kigawi chako cha rejista nacho kiwekee sharti hilo hilo.

Sasa sizeof. Kwako jibu ni 3. Anwani yoyote inafaa kwenye AVR, kwa hiyo sharti la mpangilio wa anwani ni 1, na safu ya vipimo inapangwa bila pengo. Vipimo 400, ambavyo ni sekunde 5 za HX711 ikiwa kwenye kasi ya vipimo 80 kwa sekunde, vinachukua baiti 1200 badala ya 1600. Hizo 400 ulizookoa ni karibu moja ya tano ya RAM yote.

Ila 3 inakuja na deni lake, na sehemu nyingi za kompaila zimeandikwa kwa imani kwamba ukubwa wa aina ni 1, 2, 4 au 8. Tafuta kila mahali unapotumia kusogeza biti badala ya kuzidisha ili kupata anwani ya a[i]. Kwa baiti 3 unahitaji i + i + i, au 2i + i. Tafuta kila mahali unapodhani kwamba mpangilio wa anwani ni sawa na ukubwa. Sharti la mpangilio katika C lazima liwe kipeo cha 2, na 3 si kipeo cha 2. Kisha kuna kutoa kielekezi kutoka kwa kielekezi. p - q inadai tofauti ya anwani igawanywe kwa 3, na kugawanya kwenye AVR ni ghali. Hapa kuna hesabu tamu ambayo nakuomba uiweke. Unajua tofauti hiyo inagawanyika kwa 3 bila baki, kwa hiyo badala ya kugawanya unazidisha kwa 43691 na kuchukua biti 16 za chini. Sababu ni kwamba 3 × 43691 = 131073, yaani 2 × 65536 + 1, kwa hiyo ndani ya biti 16 ile 43691 inafanya kazi ya theluthi. AVR yako ina maelekezo ya kuzidisha baiti kwa baiti, na hesabu inakwisha kwa hatua chache.

Usichukue hiyo 3 kuwa sheria ya dunia nzima. Kwenye MSP430X, prosesa ndogo ya Texas Instruments, rejista ni za biti 20, kwa sababu anwani zake zinafika megabaiti 1. GCC inakupa __int20 huko, na ndani ya kumbukumbu inachukua baiti 4. Hakuna namna ya kugawa biti 20 kwenye baiti nzima bila kubaki, na maelekezo ya prosesa yenyewe huandika anwani ya biti 20 kwenye maneno mawili ya biti 16. Huko mstari ni PARTIAL_INT_MODE (SI, 20, PSI), wenye maana ya chombo cha SI (cha biti 32) kisichojazwa chote. Kitu kizuri ni jinsi maunzi yalivyoamua sehemu ya makubaliano: operesheni ya biti 16 inapoandika kwenye rejista, biti 16 hadi 19 zinafutwa kuwa sifuri. Kupanua namba isiyo na alama kutoka 16 kwenda 20 ni bure kabisa. Yenye alama inabidi isogezwe kushoto mara 4 kisha irudishwe kulia pamoja na alama yake. Tangu GCC 5 jina lenyewe linatokana na mstari wa INT_N (PSI, 20), bila kugusa sehemu ya kusoma msimbo. Nao waliotumia prosesa za TMS320C6000 watakumbuka long ya biti 40: thamani biti 40, jozi ya rejista za biti 32, na baiti 8 kwenye kumbukumbu. Upana wa thamani, upana wa rejista na ukubwa wa kumbukumbu ni vitu vitatu tofauti. Kwenye int tunavizoea vikiwa sawa mpaka tunasahau kwamba ni vitatu. Katika kompaila yako vipe sehemu tatu tofauti kwenye jedwali la aina, hata kama leo viwili kati yake vina namba moja.

Huenda unajiuliza kwa nini hukutumia LLVM, ambayo inakubali i24 kama inavyokubali i32. Upana wowote kuanzia biti 1 hadi zaidi ya milioni 8 ni halali kuandikwa. Kuandikwa ni jambo moja. Bakendi isiyotangaza i24 kuwa aina inayoingia kwenye rejista zake, LLVM huikuza kwanza hadi kipeo cha 2 kinachofuata, yaani i32, kisha huikata vipande vya kutosha rejista. Kwenye prosesa ya biti 8 unarudi kwenye baiti nne ulizozikimbia. Kuandika i24 kwenye kumbukumbu nako kunagusa baiti 3 tu, hata pale nafasi iliyotengwa ni ya baiti 4, kwa hiyo baiti ya nne inabaki na chochote kilichokuwemo. Ukilinganisha miundo miwili kwa memcmp, inayolinganisha baiti kwa baiti, utaambiwa hailingani wakati thamani zake ni sawa. Wapo waliolitatua hili kwa mzizi wake. Kikokotoo cha TI-84 Plus CE kinatumia eZ80, prosesa yenye rejista za biti 24, na wanaokiandikia programu wana tawi lao la LLVM ambamo i24 ni aina halali na int yenyewe ni ya biti 24. Ni kazi nzuri ya kusoma ukishamaliza yako.

Nirudi sehemu ya mbele ya kompaila, kwa sababu kuna mtego utakaokula faida yote uliyoipata. Aina mpya inahitaji cheo, yaani nafasi inayoamua nani anageuzwa kuwa nani aina mbili zinapokutana. Kwenye AVR int ni biti 16 na long ni biti 32, kwa hiyo __int24 inasimama katikati. int ikijumlishwa na __int24 inapandishwa cheo kuwa __int24. Unsigned int pia, maana biti 24 zenye alama zinatosha kubeba thamani zake zote. __int24 ikikutana na long inapanda kuwa long. Hadi hapo sawa. Sasa tazama:

if (kipimo > 1000000)

1000000 haiingii kwenye int ya biti 16, kwa hiyo kwa kanuni za C ni long. Kipimo chako kinapandishwa cheo kwenda biti 32, kinatandazwa alama, na ulinganisho mzima unafanyika kwa rejista nne. Jibu ni sahihi, ila umelipa gharama ya long. Mwandishi wa programu lazima aandike (__int24)1000000, au kompaila yako iwe na akili ya kuona kwamba namba hiyo thabiti inaingia kwenye biti 24 na kupunguza ulinganisho. Mimi ningeiwekea hiyo akili, kwa sababu hakuna mtu atakayekumbuka kuandika hivyo kila mara. C23 ilitatua tatizo hili kwa kiambishi wb: 1000000wb ni _BitInt(21), upana mdogo kabisa unaotosha pamoja na alama.

Je, uiite aina yako _BitInt(24) basi? Kwa sasa hapana. Ukitumia jina hilo umeahidi kila upana hadi BITINT_MAXWIDTH, na kiwango cha C23 kinataka ukomo huo usiwe chini ya upana wa unsigned long long, yaani angalau 64. Hiyo ni kazi nyingine kubwa. Lakini pia usiiite int24 tupu, kwa sababu jina hilo ni mali ya mwandishi wa programu. Anza na mistari miwili ya chini, __int24. Ndani ya stdint.h unaweza kutangaza int24_t juu yake bila kuvunja kiwango, kwa kuwa aina yako haina biti za kujazia, yaani zisizobeba sehemu ya thamani. Mwenye __int20 ndani ya baiti 4 hana ruhusa ya kutangaza int20_t, kwa sababu intN_t hazitakiwi kuwa na biti za kujazia. Tangaza pia __INT24_MAX__ kuwa 8388607 na __UINT24_MAX__ kuwa 16777215, kama GCC inavyofanya.

printf haina herufi ya aina hii. Mtu akiipitisha kama ilivyo na kuandika %ld, fankisheni itasoma baiti 4 mahali palipowekwa 3, na kila hoja inayofuata itasomwa kutoka mahali pasipo pake. Kompaila yako itoe onyo hapo. Kwa mtumiaji, abadili aina kuwa long kwanza.

Na kwenye mizani yenyewe: usijumlishe vipimo ndani ya __int24, vitafurika haraka. Hata long haitoshi kwa 400. Kipimo kinaweza kufika 8388607 upande mmoja na -8388608 upande wa pili, na vipimo 256 vya aina hiyo ndivyo vinavyoingia kwenye biti 32 zenye alama bila kufurika kwa hali yoyote. Vilivyozidi hapo, jumlisha kwa mafungu au tumia biti 64.

Kupima kompaila, biti 24 zina baraka moja: thamani zote ni 16777216, na kompyuta ya kawaida inazipitia zote kwa sekunde chache. Kwa operesheni zenye namba moja, yaani kugeuza alama, NOT, kupanua, kupunguza na kusogeza kwa kiasi thabiti, pitia zote dhidi ya jibu la biti 64 lililokatwa, usichague mifano. Kwa zenye namba mbili hilo haliwezekani, kwa hiyo panga orodha ya thamani za mipakani: 0, 1, -1, 0x7FFF, 0x8000, 0xFFFF, 0x10000, 0x7FFFFF, 0x800000 na majirani zake, kisha jaribu kila jozi. Zile za mpaka wa biti 16 usiziache, maana ndiko makosa ya kubeba kati ya baiti ya pili na ya tatu yanakojificha. Jambo la kuangalia kwenye mipaka ni kufurika kwa namba zenye alama, ambako C haikuahidi jibu lolote: jozi hizo zipime kwa aina isiyo na alama. Kisha andika programu zile zile kwa __int24 ya avr-gcc, zitoe kwa -Os -S (punguza ukubwa, toa maelekezo ya asembli), na uzisome kando ya za kwako mstari kwa mstari. Pale ambapo GCC imetumia maelekezo machache kuliko wewe, simama mpaka ujue kwa nini. Pale ambapo wewe umetumia machache kuliko GCC, simama muda mrefu zaidi.